Kitabu, Akili na Imani: Kumsaidia Mtoto Mdogo Mwenye Kipawa Kuonesha Huruma kwa Njia ya Usomaji

Muhtasari wa somo

Somo hili limekusudiwa kwa wazazi, walezi, walimu wa madarasa ya awali na ya chini ya shule za msingi, pamoja na wahudumu wa afya wa kliniki za watoto. Linaeleza kwa nini mtoto mwenye akili nyepesi kuliko umri wake huweza kushindwa kuonesha huruma, na jinsi kitabu cha hadithi kinavyoweza kumsaidia. Mifano imechukuliwa zaidi kutoka Bagamoyo na mwambao ulio kaskazini ya Dar es Salaam. Mwishoni yamewekwa maswali ya kujipima.

Utangulizi

Katika madarasa mengi, kuanzia Mapinga na Kerege hadi Bagamoyo mjini na vijiji vya Kaole na Mlingotini, huwapo mtoto mmoja au wawili ambao mwalimu huwatambua mapema. Husoma kabla ya wenzao, hukumbuka hadithi iliyosimuliwa mara moja, na huuliza maswali ambayo mtu mzima hakuyatarajia: mtu akifa hisia zake huenda wapi, au kwa nini mvuvi aliyepata samaki wengi hamgawii aliyerudi na mtego mtupu.

Mtoto wa namna hiyo husifiwa sana, na sifa ina hatari zake. Akiwa na miaka 6 hutumwa kusahihisha daftari za wenzake; akiwa na miaka 7 huitwa mbele ili awaaibishe walioshindwa kusoma. Bila mtu yeyote kukusudia, hufundishwa kwamba thamani yake ni kuwashinda wengine, na kwamba anayechelewa kuelewa ni mtu wa kuchekwa. Yupo pia mwingine, ambaye tatizo lake ni kinyume cha hilo. Huyo huhisi mno. Hulia mbuzi anapochinjwa, hukosa usingizi baada ya kusikia habari ya chombo kilichopotea baharini, kisha huambiwa kuwa mtoto wa kiume halii. Baada ya muda hujifunza kuficha, na watu humdhania kuwa ana moyo mkavu.

Watoto hao wawili wana haja moja. Kila mmoja anahitaji maneno ya kuitaja hisia, nafasi salama ya kuizungumza, na tendo la kuionesha. Kitabu kizuri kikisomwa na mtu mzima mwenye subira huweza kutoa mambo yote matatu.

Maana ya maneno yanayotumika

Mtoto mwenye kipawa, kwa maana ya somo hili, ni yule ambaye uwezo wake katika jambo moja au zaidi, kama vile lugha, hesabu, kumbukumbu au sanaa, umewatangulia kwa mbali watoto wa rika lake. Tanzania imeshazoea kutambua kipawa katika ngazi ya sekondari: shule kama Kibaha, ambayo imo katika Mkoa huu wa Pwani, Ilboru, Mzumbe na Kilakala hupokea wanafunzi waliofaulu kwa kiwango cha juu. Lakini mtoto huyo alikuwa na kipawa chake tangu akiwa na miaka 4 au 5, wakati ambapo hakukuwa na mtihani wa kumtambua wala mpango wa kumlea.

Huruma nayo ina sehemu tatu ambazo wanasaikolojia huzitenganisha. Ya kwanza ni kutambua kwamba mwenzako ana mawazo na hisia zilizo tofauti na zako. Ya pili ni kuguswa na hisia hizo. Ya tatu ni kusukumwa kutenda: kufariji, kugawa, kusaidia. Mtu aweza kuwa na sehemu moja akakosa nyingine. Tapeli hodari hutambua vizuri sana hisia za anayemtapeli, ila haguswi nazo.

Lugha ya Kiswahili yenyewe ina hazina katika jambo hili. Watu wa pwani husema mtu "ana imani" wakimaanisha kwamba moyo wake huingiwa na uchungu wa wengine, na "hana imani" wakimaanisha katili. Husema pia mtoto "ana akili" si kwa sababu ya kufaulu hesabu tu, bali kwa sababu anajua kumwamkia mkubwa, kumtunza mdogo na kutunza alichoagizwa. Mtafiti Robert Serpell, aliyefanya kazi kwa miaka mingi miongoni mwa Wachewa wa Zambia, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1993 kwamba neno lao la akili, *nzelu*, huunganisha wepesi wa fikra na uwajibikaji kwa jamii. Katika utafiti uliofanywa Mtwara na kuchapishwa mwaka 2018, Matthew Jukes na wenzake waliwauliza wazazi na walimu ni sifa zipi wanazozithamini kwa mtoto, na heshima na utii vilijitokeza kwa nguvu. Kwa hiyo kumfundisha mtoto mwenye kipawa huruma si jambo la kigeni lililoletwa na vitabu vya saikolojia. Ni kuirudishia akili maana yake kamili ambayo jamii ya pwani imekuwa nayo daima.

Kipawa kilichofichika: funzo kutoka Bagamoyo

Mwaka 2002 jarida la kisayansi liitwalo *Intelligence* lilichapisha utafiti uliofanywa katika shule za vijijini karibu na Bagamoyo. Watafiti wake walikuwa Robert Sternberg, Elena Grigorenko na wenzao, akiwemo mtafiti Mtanzania Damaris Ngorosho. Watoto wa shule za msingi walipewa majaribio ya kufikiri, kisha baadhi yao wakapewa maelekezo mafupi ya namna ya kuyakabili maswali ya aina ile, halafu wakapimwa tena. Baada ya maelekezo hayo mafupi alama zao zilipanda. Zaidi ya hapo, mpangilio wa nani wa kwanza na nani wa mwisho ulibadilika sana: mtoto aliyeonekana wa kawaida katika jaribio la kwanza aliweza kuwapita wengi katika la pili.

Funzo lake ni kubwa. Jaribio la mara moja hupima kile mtoto alichokwisha kufundishwa, na wala halipimi uwezo alionao wa kujifunza. Kwa hiyo mwalimu anayetaka kuanzisha usomaji wa huruma kwa watoto wenye vipawa asichague watano wanaoongoza darasani na kuwaacha wengine nje. Huenda mwenye kipawa ni yule anayekaa nyuma, anayesikia kwa shida, au anayeshinda ufukweni akisubiri mashua. Njia iliyo salama ni kuwasomea wote, kisha kutazama nani anauliza nini.

Ukuaji usiolingana

Mwaka 1991 kundi la wataalamu nchini Marekani, lililojulikana kama Columbus Group, lilipendekeza kwamba kipawa kieleweke kuwa ni ukuaji usiolingana. Mtoto wa miaka 6 aweza kuwa na msamiati wa mtoto wa miaka 10, mkono wa kuandika wa miaka 6, na uwezo wa kuvumilia kushindwa wa miaka 4. Mzazi anayesikia maneno mazito kutoka kinywani mwa mtoto huyo hudhani kwamba anazungumza na mtu mzima mdogo, kisha hukasirika anapomwona akigaragara chini kwa sababu amenyang'anywa kikombe.

Jambo hili hueleza kwa nini huruma ya mtoto mwenye kipawa huwatatiza watu. Aweza kueleza kwa ufasaha kwa nini ni vibaya kumcheka kiwete, na dakika tano baadaye akamcheka mwenzake aliyekosea kusoma. Huo si unafiki. Sehemu ya kwanza ya huruma, yaani utambuzi, imekwisha kupevuka, na zile mbili nyingine bado zinakua kwa mwendo wa umri wake. Inafaa pia kusema wazi kwamba tafiti hazijathibitisha kuwa watoto wenye vipawa wana huruma zaidi, au pungufu, kuliko watoto wengine. Hutofautiana kama watoto wote wanavyotofautiana.

Utambuzi wenyewe una kipimo chake mashuhuri. Mwaka 1983 Heinz Wimmer na Josef Perner waliwasimulia watoto hadithi ya mvulana aliyeweka chokoleti yake katika kabati moja. Alipotoka, mama yake akaihamishia katika kabati jingine. Watoto wakaulizwa: akirudi, ataitafuta wapi? Mtoto wa miaka 3 kwa kawaida hujibu kwamba ataitafuta pale ilipo sasa, kwa kuwa yeye mwenyewe anajua ilipo. Kati ya miaka 4 na 5 wengi huanza kuelewa kwamba mvulana yule ana wazo lake, na kwamba wazo hilo si sahihi. Inastahili kuzingatiwa kwamba kipimo hicho kilikuwa hadithi. Mlango wa kuingilia katika fikra za mwenzako, hata maabara, ulifunguliwa kwa kisa.

Kitabu hufanya kazi gani?

Ushahidi uliopo unaonesha kwamba kitabu peke yake hakitoshi. Linalozaa matunda ni mazungumzo yanayokizunguka.

Mwaka 1988 Grover Whitehurst na wenzake nchini Marekani walionesha kwamba wazazi wanapofundishwa kumuuliza mtoto maswali ya wazi wakati wa kusoma, na kumwachia yeye awe msimulizi, lugha ya mtoto hukua haraka zaidi kuliko anaposomewa tu huku akiwa kimya. Celia Brownell na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2013, waliwatazama watoto wa kati ya miezi 18 na miezi 30 wakisoma vitabu vya picha na wazazi wao. Watoto waliokuwa wepesi zaidi wa kusaidia na kugawa walikuwa wale ambao wazazi wao waliwataka wataje na waeleze hisia za wahusika. Mzazi aliyezungumza sana juu ya hisia huku mtoto akisikiliza hakuhusishwa na tofauti hiyo. Kilichohesabika ni kumfanya mtoto mwenyewe aseme.

Nchini Italia, Veronica Ornaghi na wenzake walichapisha mwaka 2014 utafiti wa watoto wa umri wa miaka 7 hivi. Wote walisomewa visa vyenye hisia. Kundi moja likazungumza juu ya hisia hizo, na kundi jingine likachora picha. Kundi lililozungumza liliendelea zaidi katika kuelewa hisia na katika huruma. Naye Raymond Mar na wenzake nchini Kanada waliona mwaka 2010 kwamba watoto wa miaka 4 hadi 6 waliozoea vitabu vya hadithi walielewa vizuri zaidi mawazo ya wengine. Uhusiano kama huo ulionekana kwa filamu za watoto, lakini haukuonekana kwa televisheni.

Tafiti hizi nyingi zimefanywa mbali na Afrika Mashariki, na baadhi yake zinaonesha uhusiano tu, bila kuthibitisha kwamba jambo moja limesababisha jingine. Hata hivyo zinaelekea upande mmoja, na upande huo haumshangazi mtu aliyelelewa na bibi msimulizi. Bibi alipoita "Paukwa!" hakuendelea mpaka watoto wajibu "Pakawa!" Tangu mwanzo msikilizaji alikuwa na sehemu yake katika kisa.

Sungura na Fisi, au mtoto mwenzake?

Swali moja linawahusu sana wasomaji wa pwani. Hadithi zao nyingi za watoto ni za wanyama: Sungura mjanja, Fisi mlafi, Kima na Papa. Je, hadithi hizo hufundisha huruma?

Mwaka 2018 Nicole Larsen, Kang Lee na Patricia Ganea wa Toronto walichapisha utafiti wenye jibu la kuangaliwa. Watoto wa miaka 4 hadi 6 walisomewa hadithi ya kugawana. Kwa baadhi yao wahusika walikuwa wanyama wenye tabia za watu; kwa wengine hadithi ilikuwa ile ile, ila wahusika walikuwa watu. Baadaye watoto walipewa nafasi ya kugawa stika zao kwa mtoto mwingine. Waliosoma juu ya watu waligawa zaidi kuliko awali. Waliosoma juu ya wanyama hawakufanya hivyo.

Wahenga waliliona jambo hilo zamani: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mtoto aweza kumcheka Fisi aliyepasuka tumbo bila kuhisi kwamba kisa hicho kinamhusu yeye au jirani yake. Lakini si busara kuzitupa hadithi za wanyama kwa sababu ya utafiti mmoja uliofanywa Kanada. Hadithi hizo zina faida ya pekee kwa mtoto anayehisi mno, kwani zinampa umbali. Aweza kumlilia Fisi pale ambapo angeogopa kumlilia mtu. La msingi ni kujenga daraja. Baada ya kisa mtu mzima aulize: "Je, umewahi kumwona mtu akifanyiwa kama Fisi? Ungekuwa ndugu yake Fisi, ungerudi vipi nyumbani siku ile?" Mtoto mwenye kipawa, ambaye hupenda kugeuza mambo, hufurahia sana kusimulia upya kisa chote kwa kinywa cha aliyeshindwa.

Kuchagua kitabu

Kosa la kawaida ni kumpa mtoto kitabu kwa kupima uwezo wake wa kusoma maneno tu. Mtoto wa miaka 7 anayesoma kwa ufasaha aweza kuyasoma maneno ya kitabu cha sekondari. Chukua mfano wa *Takadini*, riwaya ya Ben Hanson iliyosomwa na wanafunzi wengi wa sekondari nchini. Inahusu mtoto mwenye ualbino ambaye mama yake anakimbia naye ili asiuawe. Ni kisa chenye thamani kubwa katika nchi ambayo watu wenye ualbino wamewahi kushambuliwa na kuuawa. Lakini mtoto mdogo akikisoma peke yake usiku hubeba hofu isiyo na pa kuitua. Maudhui yapimwe kwa umri wa moyo, na maneno yapimwe kwa umri wa akili. Vikigongana, moyo utangulizwe, au kitabu kisomwe pamoja na mtu mzima.

Vitabu vinavyofaa kwa miaka 4 hadi 6 ni vile vyenye picha zinazoonesha nyuso waziwazi, na kisa kinachogusa maisha anayoyajua mtoto: kupotelewa, kuhama, kuzaliwa kwa mdogo wake, kumngoja baba aliye baharini. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanzishwa mwaka 1991, umesaidia kuchapishwa kwa vitabu vingi vya Kiswahili vya namna hiyo. Mradi wa African Storybook, uliozinduliwa mwaka 2014 huko Afrika Kusini, hutoa hadithi za bure za Kiswahili ambazo zaweza kusomwa kwa simu au kuchapwa.

Kwa mtoto wa miaka 8 hivi aliyekwisha kupevuka katika lugha, yapo hata maandishi ya wakubwa yanayoweza kusomwa kwa vipande akiwa na mzazi. *Adili na Nduguze* cha Shaaban Robert, mwana wa mwambao huu aliyezaliwa karibu na Tanga mwaka 1909, ni mfano bora. Adili analazimika kuwapiga mijeledi kila usiku manyani wawili ambao kwa kweli ni ndugu zake waliomtendea ubaya, huku mwenyewe akiumia moyoni. Mtoto mwenye kipawa huvutwa na fumbo hilo: mtu anayepiga analia, na anayepigwa ndiye mkosaji. Nani aonewe huruma? Swali la aina hii halina jibu la kukariri, na ndiyo sababu linamfaa mtoto aliyezoea kupata alama 100.

Bagamoyo yenyewe pia ni kitabu kilichofunguliwa. Mtoto anayepita kila siku kando ya Ngome Kongwe, Karavanserai, au misheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868 na kuwapa makazi watu waliokombolewa kutoka utumwani, mapema au baadaye atauliza watu wale walifungwa kwa nini. Mwenye kipawa huuliza mapema zaidi, na hakubali jibu la kukwepa. Ajibiwe kweli, kwa ufupi, bila picha za kutisha, na mazungumzo yaelekezwe pia kwa waliosaidia na waliostahimili. Mtoto akiambiwa habari za ukatili tu, hubaki na hofu. Akioneshwa pia mkono uliofungua minyororo, hupata mfano wa kufuata.

Namna ya kusoma: hatua tano

Hatua ya kwanza ni kukisoma kitabu kabla ya kumsomea mtoto. Msomaji aweke alama mahali pawili au patatu ambapo mhusika anaguswa na jambo zito. Zaidi ya hapo kisa kitakatika na utamu utapotea.

Hatua ya pili ni kusoma kwa sauti, polepole, kitabu kikielekezwa kwa mtoto. Hata mtoto anayejua kusoma mwenyewe asomewe. Akisoma peke yake, akili yake hukimbilia mwisho wa kisa. Akisomewa, hulazimika kukaa na mhusika.

Hatua ya tatu ni kusimama na kuuliza maswali ya hisia: "Uso wake unasema nini?" "Anajua nini, na hajui nini?" "Mama yake anahisi hivyo hivyo, au tofauti?" Baada ya swali msomaji anyamaze. Ukimya wa nusu dakika humtisha mtu mzima kuliko unavyomtisha mtoto. Mtoto akitoa jibu la haraka la kupendeza, kama "Amesikitika kwa sababu si vizuri kugombana," asisifiwe papo hapo. Aulizwe: "Umejuaje?" Swali hilo humrudisha kutoka kwenye jibu la mtihani hadi kwenye uso wa mhusika.

Hatua ya nne ni kumpa njia ya kueleza isiyokuwa maneno matupu. Watoto wengi wenye vipawa hujificha nyuma ya ufasaha wao. Achore uso wa mhusika kabla na baada ya tukio. Aandike barua ya mistari mitatu kwa aliyeonewa. Aigize nafasi ya aliyeonea, kisha nafasi ya aliyeonewa. Mji wenye Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, TaSUBa, haukosi watu wa kufundisha uigizaji wa watoto. Atengeneze kitabu chake kwa karatasi za daftari na uzi, akisimulia kisa cha mtu anayemfahamu.

Hatua ya tano ni tendo dogo la kweli. Kisa cha mgeni kikimalizika, mtoto aulizwe: "Darasani kwenu nani ni mgeni? Kesho unaweza kufanya nini?" Tendo liwe dogo, lichaguliwe naye, na asilazimishwe kutoa taarifa. Huruma inayotendwa ili isifiwe hugeuka kuwa somo jingine la kushindana.

Dakika 15, mara tatu kwa juma, zinatosha kwa kuanzia.

Darasani na kliniki

Mwalimu mwenye watoto wengi na nakala moja ya kitabu hajazuiwa. Aweza kuchora upya picha kuu kwenye karatasi ya manila, akasomea darasa zima, kisha akawagawa watoto wawili wawili wazungumze. Hapo mtoto mwenye kipawa asipewe kazi ya kumsahihisha mwenzake. Apewe kazi ya kumsikiliza, kisha aliambie darasa mwenzake amesema nini, kwa namna ambayo mwenzake atakubali kwamba ndivyo alivyomaanisha. Kwa mtoto mwenye akili ya haraka hilo ni zoezi gumu kuliko hesabu nyingi, na ndani yake kuna mazoezi ya sehemu ya kwanza ya huruma.

Kliniki ya watoto nayo ina nafasi. Mwaka 1989 madaktari wa watoto katika Hospitali ya Jiji la Boston nchini Marekani walianzisha mpango wa Reach Out and Read, ambao mtoto anapoletwa kliniki hupewa kitabu, na mzazi hupewa ushauri mfupi wa kusoma naye. Wazo hilo linalingana na Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021 kwa ajili ya watoto wa miaka 0 hadi 8. Hata pale ambapo hakuna vitabu vya kugawa, muuguzi aweza kuweka vitabu vichache kwenye benchi la kusubiria, na kumwonesha mzazi kwa dakika mbili jinsi ya kuuliza swali moja la hisia. Mzazi asiyejua kusoma aambiwe kwamba picha na simulizi zinatosha. Mazungumzo ndiyo dawa, na maandishi ni chombo chake.

Mipaka na tahadhari

Kitabu si tiba ya kila jambo. Mtoto asiyetazama nyuso, asiyejibu jina lake, aliyechelewa kusema, au anayeng'ang'ania mambo yale yale kwa namna isiyo ya kawaida, achunguzwe na mtaalamu; mtoto aweza kuwa na kipawa na usonji kwa pamoja. Kabla ya kudhani kwamba hajali, masikio na macho yake yapimwe. Mtoto asiyesikia vizuri hukosa mazungumzo ya hisia ambayo wenzake huyaokota nyumbani bila kufundishwa, na huchelewa kuelewa mawazo ya wengine kwa sababu hiyo, wala si kwa upungufu wa moyo.

Mtoto anayehisi mno naye alindwe. Akianza kukosa usingizi, kukataa chakula, kujilaumu kwa mambo yasiyo yake, au kusema kwamba anatamani kufa, vitabu vya huzuni viwekwe kando na apelekwe hospitali yenye huduma za afya ya akili. Aidha, kitabu kisitumiwe kama adhabu. Mtoto aliyempiga mwenzake asubuhi, kisha akasomewa jioni kisa cha mtoto mbaya anayepiga wenzake, huona mtego, na huanza kuvichukia vitabu pamoja na aliyevishika.

Hatimaye, mtoto hujifunza huruma kwa kuonewa huruma. Nyumba ambayo mdogo hukaripiwa kila anapokosea haiwezi kumpa kwa kitabu kile inachomnyima kwa vitendo.

Hitimisho

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtoto mwenye kipawa ana akili ya kutosha kueleza kitanda kilivyo, urefu wake na mbao zake. Asichokijua bado ni usiku wa yule anayelala juu yake. Hadithi humlaza humo kwa muda mfupi na salama, huku mkono wa mtu mzima ukiwa karibu. Akiamka, jambo la kutazamwa ni kama siku inayofuata atamsogelea aliyekaa peke yake kwenye benchi la nyuma.

Maswali ya kujipima

1. Taja sehemu tatu za huruma. Ni ipi ambayo kwa kawaida humtangulia mtoto mwenye kipawa, na ni dalili gani zinazoonesha hivyo?

2. Utafiti wa Bagamoyo wa mwaka 2002 unamfundisha nini mwalimu anayetaka kuwatambua watoto wenye vipawa katika darasa lake?

3. Chagua hadithi moja ya wanyama unayoijua. Andika maswali mawili yatakayomjengea mtoto daraja kutoka kwa mnyama hadi kwa binadamu.

4. Mtoto wa miaka 7 anasoma kwa ufasaha na anataka kitabu chenye kisa cha mauaji. Mzazi afanye nini, na kwa nini?

5. Taja dalili tatu zinazopasa kumfanya mzazi au mwalimu aache kutegemea vitabu na kumpeleka mtoto kwa mtaalamu.